Injini Uliyonichagulia

Al-Shumaisi, Riyadh
Jumatatu

Dada Fridah,

Jumanne iliyopita, kabla ya adhuhuri, nilipoteza injini. Haikuibwa wala haikuungua. Ilipakiwa kwenye pikapu ya mtu wa Khobar aliyeinunua, nikiwa nimesimama pale na tambara mkononi, na bosi akaniambia nisaidie kuifunga kamba. Nikaifunga mwenyewe.

Sasa nikusalimu, maana Mama akisikia nimeanza barua na injini atasema Saudia imeniharibu. Hujambo dada? Mgongo unaendeleaje, na zile ngazi za nyumba ya madam bado unazipanda peke yako na ndoo? Mimi ni mzima. Joto limepungua, siku hizi naweza kushika spana mchana bila glavu. Anayekuletea barua hii ni Bonface, dereva wa bosi. Anakusalimu na anasema bado anakudai chapati uliyomwahidi. Najua ungependa nipige simu, lakini kwa simu wewe hunichekesha mpaka nasahau nilichopigia, na safari hii sitaki kucheka.

Unalijua gari la bosi, ila acha nilieleze tena ili tusipishane. Ni nakala ya gari la mbio la Kimarekani la miaka ya sitini, viti viwili, halina paa. Fremu na bodi vilikuja kwenye makasha, na kazi yangu ni kuviunganisha. Gari la namna hiyo unaweza kulitilia injini ndogo au injini kubwa. Zote zina silinda nane, na bodi ikishafungwa huwezi kujua ipi iko ndani mpaka ufunue boneti. Hapo ndipo wenye magari haya hugombana. Marafiki wa bosi hukutana kila Alhamisi jioni kwenye istiraha yake, ule uwanja wa mapumziko nje ya mji, na sijawahi kuwasikia wakizungumza jambo lingine. Mmoja anasema bila ile kubwa gari ni sanamu tu. Mwingine anasema ile kubwa ni ya kupigia picha.

Mimi nilitaka bosi ajue kwa mwili wake, si kwa maneno ya watu. Tulikuwa tumeshafunga ile ndogo, kwa ushauri wangu. Tukalipeleka gari istiraha likiwa mifupa mitupu, fremu na magurudumu na viti, akalizungusha uwanjani akaona raha. Kisha nikafanya hesabu. Ndogo ina kama kilo mia mbili na kumi, kubwa inakaribia mia tatu. Tofauti ni magunia mawili ya mchele ya kilo arobaini. Nikayatoa stoo, nikayafunga mbele kabisa kwenye fremu, nikamwambia azunguke tena vilevile. Kwenye kona pua ya gari ilikataa kugeuka. Ilikwenda moja kwa moja kwenye ua, gunia moja likapasuka, basmati ikamwagika uwanja mzima. Bonface akaniuliza kwa upole kuku anakuja lini. Bosi alicheka mpaka akakaa chini na kanzu yake nyeupe, akasema halas, basi, ndogo.

Nilimweleza na mengine. Kwamba ile kubwa hukaa karibu na miguu ya dereva, na kwenye foleni ya mwezi wa saba hapa Riyadh nyayo zake zitaiva. Kwamba ile ndogo ukiitanua kwa ndani unaweza kuifikisha lita saba, nguvu zikakaribia za mwenzake, na kwa nje isinenepe. Akakubali yote.

Jambo moja tu sikumweleza. Mkataba wangu unaisha Desemba, na bosi hataki niondoke. Kila nikitaja nyumbani ananiambia chai inapoa. Sasa fremu ile iliagizwa kwa ajili ya injini ndogo. Kuweka kubwa ni kukata vishikizo vya injini na kuchomelea vingine, kujenga upya chumba cha miguu na pedali, kisha kungoja mabomba ya ekzosi kutoka Amerika. Gari halingeisha kabla ya Ramadhani. Nilijua bosi akigundua kwamba injini kubwa itanishikilia hapa, ataichagua hata ikiwa na uzito wa ngamia. Nikafunga mdomo. Ephraim ananishikia nafasi ya gereji pale Makutano nyumbani mpaka Krismasi. Unajua nilivyoitafuta nafasi hiyo, tangu enzi za kuosha pistoni za watu kwa mafuta ya taa, na hakuna aliyenishika mkono.

Mtu mmoja tu nilimwambia. Tulikuwa tumekaa Ruwais, huko Jeddah, mbele ya bahari, mimi na wewe, tunakula samaki wa kukaanga juu ya karatasi. Nilikuchorea fremu kwa mwiba wa samaki kwenye mafuta. Ukaniuliza ile kubwa ingechukua muda gani. Nikakujibu. Ukaniuliza tena. Nikafurahi, nikadhani angalau nina dada anayependa injini.

Wiki mbili baadaye bosi alikuja Jeddah kumwona dada yake, huyo madam wako. Aliporudi alinikuta chini ya gari, akainama, akasema tunaweka kubwa. Nikaanza habari ya kilo. Akasema mchele umekwisha. Kisha akaniambia nisijali kuhusu vishikizo, wala chumba cha miguu, wala mabomba, kwamba anajua tutavuka Ramadhani, mafi mushkila, hakuna tatizo, ikama yangu, kile kibali cha kukaa, ataihuisha yeye mwenyewe. Alivitaja kwa mpangilio uleule niliokutajia wewe.

Dada, nilibaki chini ya lile gari nikimtazama viatu. Hasira ilikuja baadaye. Kwanza nilitaka kujua tu. Huyu mtu amejuaje kuhusu vishikizo, yeye ambaye hajui hata upande wa kufungulia boneti? Nikamshuku Bonface, nikamchunguza siku nzima, lakini Bonface anaamini chumba cha miguu ni mahali pa kuacha viatu. Mwisho nilimuuliza bosi mwenyewe. Akacheka. Alisema wakinywa kahawa kwa madam wako huko Al-Nuzha, dada yake alimwambia kwamba Mkenya wake anasema kaka yake moyoni anaitaka injini kubwa, ila anaona haya kuomba muda. Akanipa hongera kwa kuwa na dada anayenisemea.

Hapo ndipo nilikasirika. Nikakutukana kimoyomoyo kwa Kimeru, maana Kiswahili hakikutosha. Nimejenga kila kitu changu mwenyewe, dada, halafu mtu anakuja na sinia la kahawa anaupanga mwaka wangu kabla vikombe havijatolewa. Ungeniambia. Namba yangu unayo.

Lakini wewe si mtu wa kuharibu vitu, na hilo ndilo lilinisumbua. Injini ikigonga siipigi nyundo, natega sikio nijue mlio unatoka wapi. Nikarudi mpaka Ruwais kwa mawazo. Madam hukuruhusu kutoka ukiwa na mimi tu. Nisipokuja na bosi, mwezi huo huvuki lango. Na siku ile, ukikunja miiba kwenye karatasi, uliniuliza gari likiisha nani atakuleta hapa. Uliuliza kwa sauti ya mzaha. Mimi nikakujibu habari ya rejeta, kwamba hata ile ndogo itahitaji rejeta pana kwa joto la huku. Ukasema sawa, ukaniuliza kama nitamaliza mkia.

Sasa niseme na langu, maana sitaki unione mtakatifu. Injini kubwa ilifika Jumamosi. Nilipofungua kasha nilikuwa nimejiandaa kuichukia. Nikaifuta vumbi, nikaizungusha kwa mkono kidogo, ikageuka nzito na taratibu, na Bonface akaniambia niache kutabasamu kama bwana harusi. Miezi yote hii nimeisema vibaya, na hesabu zangu bado ni sahihi, pua ya gari itakuwa nzito. Lakini nataka kuisikia ikinguruma. Nataka kujua. Kwa hiyo nikibaki, usifikiri nitakuwa nimekaa matanga. Nitampigia Ephraim ampe mtu mwingine nafasi, na Mama nitamweleza mimi.

Ninachokataa ni kubaki kwa sababu ya maneno yaliyopitia kwa madam, kisha kwa bosi, kisha chini ya gari. Bosi anataka jibu langu Ijumaa baada ya sala. Bonface anaondoka huko Jeddah kurudi Riyadh Alhamisi baada ya alasiri, naye ana bahasha yenye jina langu. Niandikie baki au niandikie nenda. Ukiandika baki, weka na sababu, na katika sababu hiyo sitaki kuona injini hata moja. Usiniandikie kwamba vyovyote ni sawa. Bahasha ikija tupu nitajua ni nenda, na Ijumaa bosi atatafuta fundi mwingine.

Mama anakusalimu sana, anauliza kama unakula. Nilimwambia unakula samaki. Nisalimie na yule mpishi anayekufichia redio. Jitunze, na ndoo ya pili usiibebe pamoja na ya kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Josphat

Bonface atasimama langoni mpaka umwitikie. Mpe chapati yake, ila asirudi na chapati peke yake.