Kihispania cha Mama

Tetuani,
Jumapili, 10 Agosti

Kaka yangu Anwari,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa kivulini, umevua viatu, na mgongo wako umepona baada ya msimu wa nyanya. Mimi sijambo. Joto la mwaka huu limetukausha, maji yanakatika kila mchana, na paka wako wa zamani amezaa tena juu ya paa la jirani yetu Lalla Zhor, ambaye anasema wajukuu hao ni wako, uje uwalee. Msalimie Hamido mnayelala naye chumba kimoja. Huyo Hamido ndiye sababu ya mimi kuandika badala ya kupiga simu. Akisikia yeye, anasikia mama yake, na mama yake anakaa mlango wa tatu kutoka kwetu. Barua nimempa mke wa Bennasar, anarudi huko kwenu Hispania, Almeria, kwa meli ya Jumanne. Ndani yake mna jambo nililokatazwa kukuambia. Nakuomba uisome hadi mwisho kabla hujafanya lolote.

Kwanza habari uliyoingoja. Matokeo ya mtihani wa Kihispania yametoka na nimefaulu ngazi ya kati, ile waliyoitaka kwenye nyumba ya wazee uliyoniulizia kazi. Nina siku tano tangu niyapate. Sikujua nikuambieje furaha hiyo bila kukuambia ilikotoka.

Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili kwa Mwalimu Mfaddal, kwenye chumba chake juu ya duka la vitambaa. Kusoma na kusikiliza hakukunisumbua. Tabu yangu ilikuwa kuzungumza. Mwalimu alituambia kila jioni kwamba mbele ya watahini hakuna ukweli wala uongo, kuna maneno tu, kwa hiyo kila mtu ajitungie ndugu mmoja amkariri, awe wa kumtumia kwa swali lolote la familia. Akatoa mfano wa bibi wa Shefshaweni anayetengeneza jibini ya mbuzi. Kwa uvivu wetu, wote kumi na wawili tukamchukua bibi huyo huyo. Nasikia siku ya mtihani mtahini mmoja alimwuliza mwenzetu Ilyas kama bibi yule hachoki.

Lakini mwalimu wangu hasa alikuwa jikoni. Unajua mwenyewe, mama alivuka mpaka kila alfajiri kwenda Sebta, kwa Wahispania, miaka ishirini na sita, akifua na kupika nyumba za watu, hadi walipofunga mpaka akabaki nyumbani. Hajui kusoma hata jina lake, lakini Kihispania kinamtoka kama maji. Aliponisikia nikikariri alicheka hadi akakaa chini. "Kihispania chako kimefunga tai," aliniambia, "changu kimefunga aproni. Sasa niambie nani atapika." Basi kila alasiri akawa mtahini wangu. Ananikunjia uso, ananiita Senyorita, ananiuliza. Nikikwama tunabadilishana, mimi nasoma swali kwenye kadi, yeye ananionyesha namna mtu anavyojibu bila kutafuta maneno ukutani.

Hapo nikaona jambo ambalo sikulitazamia. Kwa Kiarabu mama ni mtu wa "tumeshiba, alhamdulillahi, funga mlango." Kwa Kihispania anasema. Alinieleza alivyomwogopa marehemu baba. Alinieleza kwamba mwaka mmoja alitaka kubaki Sebta asirudi, na kwamba siku ulipoondoka alilia barabarani watu wakimtazama. Mambo ya aibu kwetu aliyasema huku akimenya viazi. Mimi nikanogewa, nikawa nachagua kadi za maswali mazito kwa makusudi. Najilaumu kwa hilo.

Wiki mbili kabla ya mtihani nilimsomea kadi iliyosema, eleza uamuzi uliokuwa mgumu kwako. Alikuwa anasafisha sardini. Bila kuinua macho akasema kwamba mwezi wa tatu alikwenda kwa daktari Tanja, mahali asipojulikana, kwa sababu ya uvimbe kwenye titi la kushoto. Daktari akachukua kinyama kidogo kikapimwa, ikaonekana ni saratani. Akatakiwa apasuliwe upesi, naye akaamua kungoja. Alisema yote hayo kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya samaki. Na mimi, kaka, nilimsahihisha. Nilimwambia kuna neno moja amelikosea. Ndipo maneno yake yakaniingia.

Nilimwuliza kwa Kiarabu kama ni kweli. Akasema si nilimwambia mwenyewe kwamba mtihani hauulizi ukweli. Nikamshika kwa nguvu nikampapasa. Nimefanya kazi wodi ya wanawake miaka minne, vidole vyangu vilitosha.

Anachongoja ni wewe. Miadi yako ya kibali cha kuishi huko ni Novemba, na ukitoka kabla ya hapo hutaruhusiwa kurudi, miaka yako mitatu bila karatasi imekwenda na maji. Anasema akilazwa hapa, mtaa utajua kabla hajavua viatu, mtaa ukijua Hamido atajua, na wewe ukijua utapanda meli siku hiyo hiyo. "Namjua niliyemzaa," alisema. "Atakuja kunishika mkono, halafu atabaki hapa mikono mitupu. Ule mpaka ukimfungia mtu umemfungia, niulize mimi." Akauchukua mkono wangu akauweka juu ya titi lile lile, akaniapisha kwa maziwa niliyonyonya hapo. Nikikuambia, radhi zake sina.

Kiapo hicho nimekitunza miezi mitatu. Nilimsihi, nilimnunia, nilimletea dawa za maumivu kutoka kazini. Uvimbe umekua. Tangu wiki iliyopita mkono wa kushoto umevimba, hawezi tena kukanda unga, na Lalla Zhor ameambiwa kwamba aliteleza kwenye ngazi.

Sasa niungame lililo langu. Siku ya mtihani nilipewa mada ya mtu wa familia aliye mfano kwako. Bibi wa jibini alikuwa tayari mdomoni. Nikafungua mdomo, akatoka mama. Mtahini mmoja alikuwa akiniuliza na mwingine amekaa pembeni akiandika alama, nami niliwaeleza wote wawili kila kitu, sardini, Tanja, wewe, kiapo. Sikukwama hata mara moja. Aliyekuwa akiuliza akaacha kuuliza. Yule wa pembeni akaweka kalamu mezani, kisha akaiokota akaandika. Katika kuzungumza nimepata alama za juu kuliko darasa zima. Anwari, mtu wa kwanza niliyemwambia ugonjwa wa mama yetu hakuwa wewe. Walikuwa wageni wawili, nami nikapewa alama kwa hilo. Mama aliposikia nimefaulu alipiga vigelegele hadi majirani wakaja kunywa chai, na mimi nikawamiminia huku natabasamu. Sijapata kuona haya kama siku ile.

Kwa barua hii radhi zake nimeshazikosa, na nimekubali. Lakini sikuandikii uje. Nakuandikia usije. Anakufa kwa kukulinda usijue. Ukijua, na bado ukakaa ulipo, hatakuwa na sababu ya kukataa kisu. Nimeshazungumza na daktari wa hapa, ana nafasi Jumatatu ya tarehe 25. Mpigie mama Ijumaa baada ya sala, toka nje asikusikie Hamido. Mwambie Batuli amevunja kiapo. Mwambie utabaki huko hadi Novemba, liwe liwalo, na umwapie. Ukiongea naye Kiarabu utalia, naye ataanza kukubembeleza, na hapo tumeshindwa wote. Ongea naye Kihispania.

Najua ninachokuomba. Nakuomba umuahidi mama yako kwamba hata akifa hutakuja. Kama kungekuwa na njia nyingine ningekuwa nimeiona katika miezi hii mitatu. Mimi sitakuja huko kwa sasa. Cheti hakina mwisho wa muda, na wa kumuuguza ni mimi.

Lalla Zhor anakusalimu, na Mwalimu Mfaddal pia. Mama yuko hapa mbele yangu, mkono ameulaza juu ya mto, ananitazama kalamu inavyokwenda. Amenituma nikuandikie kwamba yu mzima, hana analoumwa, na wewe usiache kula.

Ndimi mdogo wako,
Batuli