Pikapu ya Baba Haingurumi Tena

Mtaa wa Gongoni,
Tabora.
14 Julai 2024

Mpendwa dada Asmahani,

Shikamoo dada. Naamini barua hii itawakuta huko Mtwara mkiwa wazima, wewe, shemeji na watoto. Goti lako linaendeleaje? Sisi tunamshukuru Mungu, ni vumbi la kiangazi tu linalotusumbua. Mama yu mzima wa mwili, ila mwezi mzima sasa hasemi nami, na kosa ni langu.

Dada, nimeitoa injini ya pikapu ya baba bila kukuuliza. Ilikuwa ikinywa oili kuliko dizeli, na moshi wake ulishawachosha majirani. Mathias, yule fundi anayesuka upya nyaya za mota za mashine za kusaga, akaniletea mota ya gari la umeme na betri zake kutoka Dar, tukaifunga. Nikaona baba angefurahi.

Naye angefurahi kweli! Umeme wa betri huenda upande mmoja tu. Kuna kisanduku kinachougeuza uwe wa kwenda na kurudi, na huo ndio unaozungusha mota. Ukikanyaga kidogo, umeme unageuka polepole na gari linatembea. Ukizidisha, umeme unageuka haraka na gari linakimbia. Gia za kuhangaika nazo hakuna. Tena nguvu zote ziko tayari gurudumu likiwa bado limesimama. Injini ya baba ilitaka kwanza ingurume weee, unakumbuka ilivyotetemeka kwenye mwinuko wa njia ya Kwihara? Na ukiachia mguu, mota yenyewe inazalisha umeme na kuurudisha kwenye betri.

Siku ya kwanza niliumbuka. Niliwasha, kimya. Nikadhani limegoma, nikawaita jirani zetu Kulwa na mzee Bundala wasukume. Nilipokanyaga, gari likachomoka, wao wakabaki nyuma kifudifudi mchangani. Mzee Bundala hajanisamehe kanzu yake mpaka leo.

Nilicheka, kisha nikakukumbuka wewe. Kila asubuhi wewe bega la kulia, mimi la kushoto, sare za shule zimejaa vumbi, na baba katoa kichwa dirishani: "Sukumeni! Babu zenu walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, nyie mnashindwa na pikapu?" Saa ile tulimchukia. Leo natamani hata asubuhi moja tu ya kusukuma.

Mama yeye hakucheka. Alikuwa kibarazani, akaniuliza mbona siliwashi gari. Nikamwambia limeshawaka. Akalia. Akasema tangu baba afariki, kila nikiwasha gari yeye humsikia mumewe akirudi kutoka Goweko na asali yake. Wallahi sikujua, dada.

Sasa amemtuma Kulwa aniambie niirudishe injini. Hapo ndipo ninapokuhitaji. Siku tulipoitoa, mnyororo wa kuinyanyulia ulikatika, ikaanguka sakafuni na kupasuka. Mathias kaitazama, anasema haiwezi kuwaka tena. Nimeifunika turubai, na mama hajui.

Mpe salamu nyingi shemeji Rashidi, na wanao uwabusu kwa niaba ya mjomba wao. Mwenyezi Mungu akupe afya na wepesi wa safari, kwani nakuomba uje. Kaa na mama, umshike mkono, umwambie wewe. Mimi nimeshindwa.

Mdogo wako akupendaye daima,
Fikiri