Siku Kumi na Tisa za Ndoa

Jumatatu, 3 Machi
Kibali changu cha kazi kimeongezwa — miaka miwili mingine. Karakana nzima wamenipongeza, hata bosi, ambaye huwa hainui macho kutoka kwenye meno bandia tunayotengeneza. Dada wa makaratasi, anayeshughulikia vibali vyetu, kaniita ofisini, niulize chochote. Nimeuliza hata sijakaa: mume wangu anaweza kuja? Anaweza, kama tegemezi wangu. Kufanya kazi je? Hapana. Hata ya mkono? Hata ya mkono. Na mimi nikiacha kazi hapa, kibali kinakufa, na chake pia. Wawili kwenye uzi mmoja.

Jumanne, 4 Machi
Nimempigia wakati wa chakula cha mchana. Hilo "tegemezi" nikalitema mara moja. Nyuma yake randa inakwaruza mbao — ana karakana yake ya useremala kule nyumbani, watu wanamwita fundi tangu asubuhi. Kisha akacheka kidogo. "Yaani nitakuwa wa kukufungulia mlango ukirudi?" Nikacheka pia. Hakuna aliyecheka kweli.

Jumamosi, 8 Machi
Amekubali! Hakusema amekubali — aliomba vipimo vya chumba. Nimepima kwa rula ya kazini, ile ya milimita. Dirisha, mlango, kona yenye unyevu. Akauliza jua linaingilia wapi. Nimekaa sakafuni na simu, namwonyesha mtu ambaye hayupo pa kuweka viatu vyake.

Jumatano, 19 Machi
Mahojiano uhamiaji. Afisa ni mama wa makamo, miwani kaipandisha kichwani, sauti ya upole. Tangu mfunge ndoa mmeishi pamoja muda gani? Siku kumi na tisa. Kumi na tisa? Ndiyo, halafu nikaja huku, mwaka wa pili unaisha. Akaandika kirefu.

Ana alama gani mwilini? Nikaomba karatasi, nikachora meno yake: la chini kushoto lililogeuka kidogo, la mbele lililomeguka pembe. Ningeweza kuyatengeneza nimefumba macho. Akatabasamu. Halafu: analala upande gani?

Nikasema ukutani. Haraka mno. Godoro lilikuwa chini, kitanda alikuwa hajakimaliza. Nakumbuka harufu ya mbao mbichi. Nakumbuka uzito wa mkono wake. Upande sikumbuki.

Alhamisi, 20 Machi
Jumatano ijayo anahojiwa yeye, ubalozini. Nilitaka kumwambia: wakikuuliza, sema unalala ukutani. Ndiyo kwanza naanza, akanikata. "Usinifundishe habari za mke wangu." Kisha akaniaga vizuri tu. Maneno yale nimeyapenda siku nzima. Na yamenitia hofu siku nzima.

Jumatano, 26 Machi
Kapiga akiwa nje ya geti la ubalozi, anahema kama aliyebeba mbao. Wamemuuliza. Kawaambia mke wangu hulala ukutani, mimi upande wa mlango, maana baridi ilikuwa inapita chini ya mlango. "Wewe ulisemaje?" Nikamwambia.

"Hukumbuki?"

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Ijumaa, 28 Machi
Dada wa makaratasi kaniletea barua ya uhamiaji mezani, nta ya kufinyangia meno bado ya moto mikononi mwangu. Majibu yetu yamepishana. Nieleze kwa maandishi, leo hii. Ananishauri niseme swali sikulielewa, lugha ilinichanganya. Wengi huandika hivyo, yanaisha.

Nimeandika hivyo. Imetoka safi, mistari mitatu. Nikaisoma, baridi wala mlango havimo, nikaona nimemwondoa mume wangu mlangoni kwa mara ya pili.

Nikachukua karatasi nyingine. Ndugu Afisa, mume wangu amesema kweli. Alilala mlangoni ili nisipigwe na baridi, nami nilikuwa usingizini, sikujua. Siku zilikuwa chache. Naomba aje nimjue.

Dada kaisoma kasimama. Akaisoma tena. "Shoga, hii inaweza kumnyima mumeo viza." Lakini hakunirudishia upesi.

Ofisi yake inafungwa saa kumi. Sasa ni saa tisa na nusu. Barua zote mbili ziko mbele yangu, hakuna yenye sahihi. Natamani kumpigia nimuulize nipeleke ipi. Najua atakavyojibu: ile ya kweli. Ndiyo maana simu bado iko mfukoni.