Kidole cha Tende

Hospitalini, Bujumbura
Jumatano, baada ya Alasiri

Mama yangu mpenzi Bi Ghada,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii inakukuta nyumbani Kibenga ukiwa umekaa, si umesimama dukani unakunja vitambaa kwa hasira. Goti linasemaje? Na kikohozi cha baba kimepungua? Mimi mwanao Nafisa mwili wangu ni mzima, alhamdulillah. Nakula anacholeta wifi Assia, ingawa pilau lake bado linahitaji mkono wako. Usimwambie.

Unajua kwa nini naandika. Wewe ambaye hukuwahi kuiacha simu ilie mara mbili, sasa kaka Hamoud akikupelekea simu yangu unamwambia uko msalani. Mama, mtu gani anakaa msalani wiki nzima? Basi nimeandika, na kaka atakusomea, upende usipende. Karatasi yenyewe hutaishika. Kitu kikishaingia chumba hiki hakitoki ila kwenda kuchomwa, kwa hiyo nitaibandika kwenye kioo cha dirisha na Assia ataipiga picha akiwa nje.

Ulichoambiwa nakijua pia. Nimesikia shangazi Sijaona alivyosema mbele za watu, arusini kwa kina Yaseen, kwamba kidole chako ndicho kilicholeta ugonjwa wodini. Kwamba siku ile ulipokuja kumlambisha mjukuu wako Aya tende, ukaitafuna na kumpaka kaakaani kama ulivyotupaka sisi sote, na kina mama wengine wakakuomba nawe hukumnyima hata mmoja, hata Lisette ambaye ni mtu wa kanisani akasema apana bibi, usimuruke mutoto wangu, kwamba hapo ndipo ulipougawa ugonjwa kitanda kwa kitanda. Naambiwa tangu siku hiyo hata watoto wa Hamoud huwashiki.

Ngoja nikueleze mambo yalivyo. Ni kijidudu, mama, kilichozoea dawa. Daktari Aloys alinifafanulia kwamba antibiotiki ambazo zamani zingekimaliza, sasa kinazinywa kama chai. Wodi ya watoto njiti imefungwa. Waliougua tumetengwa nao huku, wazima wamehamishwa, na mjamzito akifika langoni anaelekezwa kwingine. Kila anayetushikia watoto anavaa glavu na aproni, akitoka anazitupa. Na mimi nilinawa. Wewe unanijua, niliyekuwa nikioga mpaka unanigongea mlango. Nilinawa kabla ya kumgusa Aya, nikanawa baada ya kumgusa, mpaka vidole vikapasuka. Muuguzi Benite akawa ananitoa mfano kwa wenzangu, nami nikajiona.

Habari ya dawa nadhani Hamoud amekupa. Ile moja iliyobaki ya kukiua kijidudu hiki haikupatikana mjini. Alikesha kwenye foleni ya mafuta ya gari, akazunguka maduka ya dawa yote, mwishowe ikaletwa kutoka ng'ambo ya mpaka. Aya amepewa, lakini joto halishuki. Mume wangu Moosa yuko njiani kutoka Dar na kila kituo anapiga simu kuuliza kama limeshuka. Mimi nakaa hapa namtazama, mikono mapajani. Hakuna ninachoweza kufanya, mama. Hakuna.

Sasa sikiliza, na kaka asome polepole. Daktari Aloys alipitisha vijiti vya pamba kila mahali: vitandani, kwenye vitasa, mikononi mwetu, hata kwenye lile kopo la tende uliloniachia. Majibu yametoka jana. Kwenye tende hamna kitu. Na mtoto wa kwanza alianza kuugua kabla wewe hujatia mguu wodini, ila sisi hatukujua. Kijidudu kilikuwa kimeweka makao kwenye bomba la chini la lavabo, lile karo letu la kunawia mikono. Maji yalipokatika tulikuwa tukimwaga humo chai iliyobaki, maziwa, chochote, nacho kikawa kinanenepa. Maji yakirudi yanashuka kwa nguvu na kuturukia. Basi tukitoka hapo, wasafi kabisa, tunakwenda kuwashika watoto. Sasa lavabo limeng'olewa, tunanawa kwa maji ya bidoni, yale madumu ya mlangoni.

Kwa hiyo si kidole chako. Kama ni vidole, basi ni hivi vyangu vilivyopasuka. Usianze kunililia, daktari amesema apana, si kosa la mutu, nami najaribu kumwamini. Mtoto wa Lisette alifariki Jumapili. Lisette mwenyewe ameniagiza nikupe shukrani, kwa sababu tende ile ndiyo kitu kitamu pekee alichokionja mwanawe.

Liko jambo nimelichelewesha, nilitaka kwanza hilo likuingie. Asubuhi Benite aliniambia naruhusiwa kumshika Aya bila glavu, kifua kwa kifua, kwa muda wowote nitakaotaka. Mama, nilifurahi! Nilivua aproni kwa pupa mpaka kamba ikakatika. Nilikuwa nimeshamlaza kifuani ndipo nikamwona Benite amegeukia ukutani, anarudia ihangane, ihangane, kama tunavyoambiana msibani. Hapo nikaelewa kwa nini glavu hazihitajiki tena.

Daktari ameruhusu mtu mmoja aingie. Moosa hatawahi. Nimekutaja wewe.

Msalimie baba, wasalimie watoto wa Hamoud, na uwashike. Shangazi Sijaona naye msalimie, sina nguvu za kugombana. Usipoteze muda kuchagua mtandio. Mlangoni watakunawisha, kisha njoo moja kwa moja kitandani kwetu. Tende usilete, kopo lako bado ninalo. Lete kidole.

Mwanao akupendaye,
Nafisa