Jibu Lilelile

Tabora, 9 Machi

Shangazi Sikuzani,

Shikamoo. Sisi wazima, na mama ameanza kutembea bila mkongojo.

Uliniuliza kwa simu ninasomea nini hasa. Nachunguza atomi zilizopangwa kama mayai kwenye trei, zinazosukumana kwa nguvu, nijue zinachukua muda gani kutulia zikiguswa na mazingira yao. Mimi na profesa anayenisimamia tulidhani zikiguswa zaidi zitatulia upesi. Hesabu zangu zikaonyesha kwamba mguso ukizidi sana, zinachelewa.

Profesa akasema, "Umekosea, Zuwena. Rudia."

Nimerudia mara tatu, jibu ni lilelile. Juzi akanipigia: "Basi niliyekosea ni mimi."

Uwesu hakungoja kuyasikia hayo. Aliniambia nichague shahada au ndoa, na mwezi uliopita alileta talaka kwa baba. Nililia siku mbili, shangazi, kisha nikarudi kwenye hesabu.

Usije kutusuluhisha. Njoo Alhamisi, kwa basi la asubuhi kutoka Bukene. Nitaitetea kazi yangu kwa mtandao, hapa hapa sebuleni, mbele ya maprofesa watano. Nataka uketi nyuma ya kompyuta, nikiinua macho nikuone.

Mwanao,
Zuwena binti Mabruki