Mfumo Niliouchora Ubaoni

Hosteli ya Wasichana,
Coimbatore.
Jumapili, mchana

Kwa dada yangu mpenzi Thenmozhi,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la Chennai kimeanza kukuachia ulale. Mimi mwili hauna neno. Baba na Mama hawajambo. Nyonga ya Baba inamsumbua akisimama sana kwenye mtambo wa kufuma, ila yeye anasema ni kidogo tu, unamjua alivyo.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Nimekupigia, Dada, ila nikikusikia unaitikia, "Haya, mhandisi wangu!" nakata na kusingizia mtandao. Kayalvizhi, mwenzangu wa chumbani, anapanda treni leo jioni kuja huko kwenye usaili. Nimemwomba akukabidhi barua hii mkononi kesho asubuhi, kabla hujaenda kazini.

Kwamba nimepata kazi najua umeshasikia; Mama ametangazia mtaa mzima. Hujui nimeipataje.

Tangu mvua zianze, mimi na Kayal tulikuwa tukimaliza kula vitumbua vyetu vya idli tunajifungia chumbani na ubao. Mmoja anakuwa bosi, mwingine anaomba kazi. Kayal akiwa bosi hana huruma. Nikinyamaza kidogo kutafakari swali anagonga ubao kwa kitana: "We binti, mimi nitaingia kichwani mwako nione unachowaza? Fikiri kwa sauti!" Nimelia mbele ya ule ubao, kisha tumecheka, kisha tumeanza upya.

Jioni ulikuwa unanipigia wewe. Ulidhani unanipumzisha na hadithi za ofisini kwenu, kumbe nilikuwa najifunza kwako. Ulinieleza jinsi bili za hospitali zinavyofika kwenye kampuni yenu ya bima zikiwa zimepigwa picha upande upande, jinsi hospitali moja inavyoandikwa kwa majina matatu, na jinsi unavyoitambua bili ya uongo ya kliniki ndogo kwa kufukua bili za nyuma za daktari yuleyule. Vitabuni hakuna mambo hayo.

Ijumaa kampuni zilikuja chuoni. Mtihani wa asubuhi ulitupukutisha, na waliobaki tuliitwa mmoja mmoja. Katika chumba cha mwisho nilimkuta Bwana Sundaresan wa kampuni moja ya programu za kompyuta, mzee mpole mwenye ndevu za mvi, akanimiminia maji mwenyewe. Akasema nifikirie ukumbi wa watu wanaosoma bili za hospitali na kuamua ipi ilipwe. Nimchoree mfumo wa kompyuta utakaofanya kazi hiyo, wabaki watu wachache.

Dada, nilikaribia kucheka kwa furaha. Swali langu hilo! Nilichora bili inakoingilia, inakosomwa, majina yanakosahihishwa. Nilifikiri kwa sauti kama Kayal alivyonifunza. Nilipofika kwenye kliniki ndogo, nikamwambia mashine itadanganywa, isipokuwa ikilinganisha kila bili na za nyuma za daktari huyohuyo. Akainuka kitini.

"Subiri, subiri. Hili la bili za nyuma umelitoa wapi? Watu wangu wameumiza kichwa hapo mwaka mzima."

Nikajibu kwa majivuno kwamba dada yangu anafanya kazi kama hiyo. Akatabasamu, akaupiga picha ubao.

Jioni majina yakasomwa, langu likiwemo. Mkuu wa idara akanisukumia kitamutamu kizima cha laddu mdomoni, Kayal akaruka juu ya kiti na kupiga vigelegele. Ndipo Bwana Sundaresan akaniita pembeni, penye meza ya kahawa, kunipongeza. Akaniambia swali lile halikuwa la kubuni. Mfumo unajengwa kweli, na mimi nitakuwa miongoni mwa wajenzi. Akaitaja kampuni ya bima iliyouagiza.

Ni yenu, Dada.

Nilimuuliza ni ofisi ipi, nikiomba moyoni ataje mji mwingine. Akasema, "Ile ya Chennai, mtaa wa Guindy, ghorofa ya bili za hospitali."

Nikamwambia, "Dada yangu anafanya kazi humo."

Kikombe chake kilisimama njiani. Akatazama viatu vyake, akasema amesikitika, uamuzi ulifanywa na wakubwa siku nyingi, na watu wataambiwa baada ya sikukuu ya Pongal. Kisha akashusha sauti: "Binti, haya hukuyasikia kwangu. Jumatatu utasaini karatasi ya kutunza siri. Baada ya hapo neno likitoka, huna kazi."

Nami nikamjibu, "Ndiyo, bwana." Utamu wa laddu bado ukiwa mdomoni.

Lakini hilo silo lililoninyang'anya usingizi. Mfumo ungejengwa hata bila mimi. Kabla hajaondoka, akidhani ananifariji, alisema kazi yangu ni nzuri mno, kwani walikuwa wamepanga kubakiza meza chache kwa ajili ya zile bili za kliniki ndogo zilizowashinda. Sasa hata hizo hazitahitajika. Meza hizo zingekuwa za nani, kama si za watu kama wewe? Nimezifuta mimi, kwa chaki, kwa maneno yako mwenyewe, huku nikitabasamu.

Leo bado sijasaini, kwa hiyo ulimi ni wangu, nami nakuambia yote. Anza kutafuta kazi sasa, ukiwa bado unayo. Waambie na wenzako unaowaamini. Baba na Mama usiwaambie kwanza.

Na mimi nitasaini, Dada. Nimelizungusha kichwani hadi nimechoka. Chuo hakimruhusu aliyekwisha kuchaguliwa kwenda kwenye kampuni nyingine, na nyumba yetu haiwezi kukosa mishahara yote miwili. Sikuombi ruhusa, nisije nikakubebesha na hili pia.

Nakuomba kitu kimoja tu. Tunaitwa kusaini Jumatatu hiyohiyo, saa nne asubuhi. Nipigie kabla ya hapo, hata kama ni kunitukana. Baada ya saa nne, kuna mambo sitaweza tena kuyazungumza nawe.

Wasalimie wenzako wote wa ghorofani, kama utaweza kuwatazama. Mimi sijui kama ningeweza.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Yazhini