Fomu ya Lujain

Jumatatu, 5 Februari

Leo tumeitwa shuleni. Dakika kumi na tano, ndivyo barua ilivyosema, na hapa Kassel, Ujerumani, barua ikisema kumi na tano si kumi na sita. Baba Lujain kavaa suti aliyoivaa harusini kwa mdogo wake. Mimi nimebeba sahani ya maamuli, vibiskuti vyetu vya tende. Mwalimu Hollerbach akachukua moja tu, eti sheria haimruhusu kupokea sahani nzima. Hiyo moja aliila yote!

Halafu yakaja maneno yenyewe. Lujain yuko darasa la nne, na huku darasa la nne ndipo watoto wanapogawanywa: huyu Gymnasium, njia ya chuo kikuu, yule shule ya kati, yule kwingine. Mwalimu akasema hesabu anaziweza sana, ila Kijerumani bado kinachechemea, na nyumbani hana wa kumsaidia. Afadhali shule ya kati. Na huyu mtoto tangu mwaka jana hana wimbo mwingine ila Gymnasium.

Nikamtazama mume wangu. Kasimama, mkono kifuani. Akamwambia kama tunavyomwambia mwalimu kwetu Syria, Deir ez-Zor, siku ya kumkabidhi mtoto: nyama ni yako, mifupa ni yetu. Kwa Kijerumani! Mwalimu akaacha kutafuna, akaandika kitu kwenye daftari lake. Kisha akatusogezea fomu, nasi tukaweka alama kwenye kisanduku cha shule ya kati. Tukasaini, wote wawili. Mimi — ambaye muuza nyanya wa Jumamosi akiniona tu anashusha bei kabla sijafungua mdomo! Mbele ya mwalimu niligeuka bubu.

Jumanne, 6 Februari

Lujain hajala. Hakulia, hakununa. Kauliza tu, "Mama, na wewe ulisema nini?"

Nikamwambia sikusema kitu. "Haya," akasema, akaenda kupanga vitabu vyake. Nimeona aibu.

Alhamisi, 8 Februari

Asubuhi mshauri wa shule kapiga simu. Sauti laini mno, ile ya kumbembeleza paka ashuke kabatini. Eti kuna mtu nyumbani anampiga mtoto? Maana mzazi alitaja nyama na mifupa. Nilicheka mpaka nikakaa chini! Nikamweleza: hiyo ni heshima, dada yangu, maana yake tunamwamini mwalimu kuliko tunavyojiamini sisi. Halafu akauliza, kwa nini?

Mchana nikashuka kwa Bi Dudek, Mpolandi wa ghorofa ya chini, miaka kumi na tisa yuko nchi hii. Nikamsimulia.

"Na hiyo shule ya kati mnaitaka?"

"Hatuitaki."

"Sasa mmesaini nini?"

"Mwalimu kasema."

"Mwalimu katoa maoni, mama! Anayechagua ni mzazi! Mwanangu wa pili walimwambia hivyo hivyo. Nikagoma. Leo yuko chuo kikuu, ananiletea nguo chafu kila Jumapili."

Akapiga simu shuleni palepale, mikono ina unga. Fomu zinabadilishwa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Mpaka Ijumaa! Nimepanda ngazi mbilimbili na umri wangu huu.

Ijumaa, 9 Februari

Baba Lujain karudi kutoka ghala la mboga saa tisa. Nilikuwa nimemwandalia chai na hotuba. Chai akainywa.

"Mama Lujain," akasema, "mimi nimefundisha jiografia miaka kumi na minne. Mzazi aje anisahihishe kazi yangu, nijisikie vipi?"

"Kwani alikuja nani kukusahihisha? Hata wazazi waliokuwa na haki waliogopa. Heshima si utumwa, ustadhi!"

Nilijua nimemchoma, na sikujuta. Lujain alikuwa kwa rafiki yake, kwa hiyo tungeweza kupiga kelele tukitaka. Hakupiga. Akazungusha bilauri mezani weee, mpaka nikamwomba aache.

Ndipo akaniambia habari ambayo miaka yote ya ndoa sijawahi kuisikia. Darasani kwake kulikuwa na mtoto wa fundi viatu, jina lake Ayham. Mume wangu mwenyewe alimwita baba wa mtoto, akamwambia: huyu si wa masomo, mfundishe kazi. Yule baba akaweka mkono kifuani, usemalo ndilo, mwalimu. Mwezi haukwisha, mume wangu akapita karibu na kibanda chao. Mtoto anamsomea baba yake gazeti, lile la kujazia viatu, bila kukwama hata neno moja. Na anamfafanulia.

"Nilikosea," akasema. "Nikapita kama sikuona. Nilikuwa nangoja waje waniulize. Hawakuja."

Nikamshika mkono. Baadaye akasema tuandike barua.

Jumatatu, 12 Februari

Barua kaandika Lujain mwenyewe. Nyumba hii katibu ni yeye. Mimi nasema Kiarabu, yeye anaandika Kijerumani. Sentensi mbili alikataa kuzitafsiri.

"Mama, hayo huku hawamwambii mtu."

"Basi weka nukta."

"Nukta mbili?"

"Weka hata tatu!"

Tumeomba fomu mpya, na nafasi ya kuonana tena na mwalimu. Baba yake kaisoma barua mara nne akitafuta kosa. Usiku huu mtoto kala sahani mbili za dengu. Tutashinda, najua. Nimesaini kwa herufi kubwa.

Alhamisi, 15 Februari

Naandika hapahapa darasani, magoti yanagusa meza ya kitoto. Mwalimu Hollerbach anadhani nanukuu maneno yake. Herufi zetu hazijui.

Hakukasirika. "Nilishangaa," kasema. "Mlisaini bila kuuliza hata swali moja. Nikajua ndivyo mnavyotaka." Lakini maoni yake ni yaleyale, na ataandika hivyo. Mwaka wa kwanza wa Gymnasium utakuwa mzito. Lujain anaweza kushindwa akarudishwa shule ya kati. Kuchagua ni juu yetu. Kaweka fomu mpya mezani, visanduku vyote vitupu.

Nikanyoosha mkono. Baba Lujain kaniwahi kalamu! Sikumwamini. Kaishika, kaitazama fomu, kisha kaiweka kalamu pembeni.

"Nina swali," kasema.

Sasa yuko kwenye la sita. Anakwama wapi, kusoma au kuandika? Kuna masomo ya ziada mchana? Mtoto wa hesabu hizi akirudishwa, anarudishwa kwa kipi? Kijerumani chake kinavunjika, anakiokota, anaendelea. Kaomba kuona mtihani wenyewe wa lugha. Mwalimu kauleta, wameinama juu yake wote wawili. Mlangoni kuna wazazi wengine, mmoja anakohoa makusudi. Mwalimu kawaonyesha kiganja: ngojeni.

"Na hapa," mume wangu anauliza, kidole kwenye wino mwekundu, "ulimkata alama kwa nini?"

Mwalimu kavaa miwani. Anasoma. Kavuta kiti karibu zaidi. Anasoma tena.